Kijana Anapoonewa Mtandaoni: Njia Nne Alizo Nazo Mkutubi wa Nairobi, na Ipi Itumike Lini

Kijana anayeonewa mtandaoni ni nadra kuja kwenye meza ya maktaba na kusema hivyo. Huja na swali dogo la pembeni: "Madam, akaunti ya mtu inaweza kufutwa?" au "Hapa kuprinti skrinshoti ni pesa ngapi?" Mkutubi mzoefu husikia kwamba swali hilo limebeba mzigo. Lakini baada ya kulisikia afanye nini? Amkalishe pembeni wazungumze? Aandae kikao na vijana wengine? Apige simu 116, namba ya msaada kwa watoto? Au amwonyeshe rafu na kadi yenye namba, amwache apumue?

Njia zote nne hutumika, na kila moja ina mahali pake. Kosa la kawaida ni maktaba kuchagua ile inayoiweza vizuri badala ya ile kijana anayoihitaji. Yenye ukumbi huandaa semina, na yenye mkutubi mmoja hubandika bango. Wakati huo mtoto aliyekuja na picha yake ikisambaa jioni hiyo hiyo anaambiwa arudi Jumamosi.

Vigezo vya kulinganisha

Tunazipima njia hizi kwa mambo matano: muda unaohitajika, siri ya kijana inabaki mikononi mwa nani, maktaba inahitaji kuwa na nini, njia hukwama wapi, na inamfaa nani. Kabla ya kuchagua yoyote kuna maswali matatu ya kuulizwa kwa upole katika dakika tano za kwanza, kwa sababu jibu la "ndiyo" kwa moja tu hubadilisha kila kitu. Je, kuna picha au video ya utupu? Je, kuna tishio la kumuumiza, au kijana mwenyewe anafikiria kujiumiza? Je, anayefanya haya ni mtu mzima, au anadai pesa?

Njia ya kwanza: kikao cha faragha, mkutubi na kijana

*Muda.* Dakika 40 hadi saa moja siku ya kwanza, kisha dakika 10 baada ya siku mbili au tatu. Mpangilio wa kazi ni huu: sikiliza, hifadhi ushahidi, ripoti, ndipo umzuie mwonevu. Ukiugeuza, ushahidi unapotea. Kijana akishamzuia mtu kwa hasira, mara nyingi hawezi tena kuufungua ukurasa wenye matusi. WhatsApp nayo, unaporipoti, hukupa nafasi ya kufuta gumzo hapo hapo, na kidole chenye haraka hukubali bila kusoma.

Hatua ya ushahidi ndiyo inayostahili muda mwingi, na ndiyo ambayo mkutubi anaiweza kuliko mshauri au mzazi, kwa kuwa kutunza kumbukumbu ndiyo kazi yake. Simu ibaki mkononi mwa kijana wakati wote, nawe keti kando yake, si mbele yake. Kila skrinshoti ionyeshe akaunti iliyoandika, tarehe na saa. Jina linaloonekana hubadilishwa kwa sekunde, kwa hiyo nakili kiungo cha ukurasa wenyewe. Kwenye grupu la WhatsApp, gusa jina la mtumaji hadi namba ya simu ionekane, kisha uiandike. Laini za simu Kenya husajiliwa kwa jina la mtu, na namba moja inaweza kuwafaa wapelelezi kuliko skrinshoti hamsini.

Angalia pia kama gumzo limewekewa ujumbe unaojifuta. WhatsApp huruhusu saa 24, siku 7 au siku 90. Ikiwa ni saa 24, ushahidi huo unaondoka kesho, basi ushughulikiwe kabla ya lingine lolote. Gumzo lote linaweza kutolewa kama faili ya maandishi yenye tarehe na saa, na kijana anaweza kuituma kwenye barua pepe yake mwenyewe. Snapchat humjulisha mwenzako ukipiga skrinshoti. Hapo tumia simu ya pili kuupiga picha uso wa ile ya kwanza.

Kuna jambo moja ambalo halifanywi hata kidogo. Ikiwa picha ni ya utupu na aliyepigwa ana chini ya miaka 18, mkutubi haipigi skrinshoti, haiprinti, haitumi kwa mtu, wala haiweki kwenye kompyuta ya maktaba "kama ushahidi". Kuwa na picha hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, hata nia ikiwa njema. Andika kwa maneno: iliwekwa wapi, na akaunti ipi, saa ngapi. Kijana mwenyewe anaweza kutumia huduma ya bure ya Take It Down ya NCMEC, shirika la Marekani la kulinda watoto, kwa picha zilizopigwa kabla hajafikisha miaka 18. Kwa waliotimiza miaka hiyo ipo StopNCII.org. Katika zote mbili picha haitoki kwenye simu. Kinachotumwa ni alama ya tarakimu iliyotengenezwa kutokana nayo, na majukwaa yanayoshiriki huitumia kuitambua na kuizuia. Mpaka wake ujulikane mapema: haifanyi kazi ndani ya magumzo yaliyofungwa kama ya WhatsApp, na picha iliyokatwa au kuhaririwa huwa na alama nyingine.

Kuripoti kwenyewe ni kazi ya dakika chache, ila kuna ufundi. Ripoti posti yenyewe, kisha akaunti. Chagua kipengele cha uonevu au unyanyasaji, si kile cha "sipendi kuona hii". Matusi yaliyoandikwa kwa Sheng hupita kwa urahisi, kwa sababu neno linalomdhalilisha msichana wa Kayole huenda likaonekana halina maana kwa anayekagua akiwa mbali. Penye nafasi ya maelezo, eleza maana yake waziwazi. Kuwaita marafiki thelathini waripoti posti moja hakuongezi uzito, kwa kuwa kinachoangaliwa ni kama kanuni imevunjwa. Akaunti ikijifanya kuwa ni kijana huyo, ripoti ya kujifanya mtu itolewe na mwenyewe au mzazi wake.

Halafu mwulize kama aliwahi kufungua WhatsApp au Facebook kwenye cyber, kwenye kompyuta ya shule, au hata hapo maktaba. Fungueni pamoja orodha ya vifaa vilivyounganishwa na akaunti yake na mtoe vyote asivyovitambua. Si mara moja mwonevu "anayejua kila kitu" amekuwa akisoma meseji kupitia akaunti iliyoachwa wazi kwenye kompyuta kama hiyo.

*Siri.* Hapa kijana anashikilia mengi kuliko katika njia nyingine yoyote, mradi mkutubi aseme mpaka wake mwanzoni: "Utakayoniambia yatabaki hapa. Nikiona maisha yako yako hatarini itabidi nimwambie mtu, lakini nitakuambia wewe kwanza." Usiahidi siri kamili, kwa sababu siku ya kuivunja utampoteza. Jina lake lisiandikwe kwenye daftari la meza ya huduma. Kilichoprintiwa kifutwe kwenye kompyuta na kwenye kapu la taka, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihusu maktaba pia.

*Mahitaji.* Kona ambayo watu wanawaona lakini hawawasikii. Chumba kilichofungwa si salama kwa mtoto wala kwa mkutubi. Chaja za aina mbili, intaneti, karatasi, na ruhusa ya kuprinti bure kurasa kumi au zaidi bila kuomba saini ya mkubwa.

*Inapokwama.* Mkutubi si mshauri nasaha. Kijana akija mara ya nne kulia, hilo si suala la skrinshoti tena. Wengine hushikwa na huruma wakamjibu mwonevu kwa akaunti ya mtoto. Jibu hilo hugeuka skrinshoti ya upande wa pili kabla jua halijatua. Wengine huahidi kwamba posti itatolewa. Jukwaa linaweza kukataa ripoti ya kwanza. Mwambie hivyo mapema, na mpange siku ya kuomba iangaliwe upya.

*Inamfaa nani.* Yule ambaye uonevu wake ni wa maneno, kejeli, akaunti bandia au kutolewa kwenye grupu, na ambaye bado analala, anakula na kwenda shule.

Njia ya pili: kikao cha kikundi

*Muda.* Dakika 90, vijana 15 hadi 20, watu wazima wawili. Wakati mzuri ni likizo za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Hapo wanafunzi wa mabweni wamerudishiwa simu, na magrupu ya darasa huwa yamechangamka usiku kucha.

*Siri.* Ndogo, na hili lisemwe wazi. Maktaba ya mtaa kama Kaloleni, Makadara au Kibera huwaleta pamoja vijana wanaofahamiana tangu chekechea. Anayeonewa na mwonevu wanaweza kuwa wameketi viti viwili kutoka kwa mwenzake. Kwa hiyo kisa cha kweli cha mtaani hakitajwi, hata kwa mafumbo. Watatambua.

Sanduku la maswali husaidia, likifanywa ipasavyo. Kila mmoja hupewa karatasi na kalamu ya rangi moja, na kila mmoja lazima aandike kitu, asiye na swali akiandika "sina swali". La sivyo wanaoinamisha vichwa ni wanne tu na chumba kizima kinawaona. Karatasi zisisomwe papo hapo, kwa sababu miandiko hujulikana. Mwezeshaji mmoja azisome wakati wa chai, ayaandike maswali upya kwa maneno yake, ndipo yajibiwe.

*Mahitaji.* Ukumbi, na mada iliyolengwa kwa shahidi. Wengi chumbani hawaonei wala hawaonewi: wanatazama. Wafundishwe mambo wanayoweza kufanya bila kujitia hatarini, kama kutosambaza, kutoweka emoji ya kucheka, kumwandikia anayeonewa faraghani maneno kama "nimeona, si sawa, uko aje?", kuripoti, na kumwambia mtu mzima mmoja. Wafungue simu zao hapo hapo na kubadilisha mpangilio wa nani anaweza kuwaongeza kwenye grupu la WhatsApp. Wakiondoka wakiwa wamefanya hilo moja, dakika 90 hazikupotea.

*Inapokwama.* Kikao kikigeuka mahubiri ya "acheni simu", vijana hunyamaza na hawarudi. Kikitumika kutatua kisa kinachoendelea, humuumiza mwenye kisa. Pia hakina ufuatiliaji: aliyefunguka moyo saa tano asubuhi akienda nyumbani bila mtu kumtazama, yuko pabaya kuliko alivyokuja. Ndiyo maana watu wazima ni wawili. Mmoja anaongoza na mwingine anatazama nyuso.

*Inamfaa nani.* Mashahidi, wanaoogopa kuwa wafuatao, na wale waonevu wasiojua kwamba "jokes" zao zina jina lingine. Humfaa pia anayeonewa kimyakimya ambaye anataka tu kujua kama mkutubi huyu anaaminika.

Njia ya tatu: kumkabidhi kwa wenye dhamana

*Muda.* Simu moja yaweza kuwa dakika 20, na suala lenyewe miezi. Namba 116 ya Childline Kenya ni ya bure na hupokea saa 24. Piga pamoja na kijana, yeye akiongea na wewe ukiwa karibu. Kumwandikia namba na kumwambia "utapiga ukifika nyumbani" si kumkabidhi. Nyumbani simu ni ya mama na chumba ni kimoja.

Wengine wa kukabidhiwa ni afisa wa watoto wa kaunti ndogo, mwalimu wa ushauri nasaha, na polisi. Kituoni ulizia dawati la jinsia na watoto, na msiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Visa vya picha za watoto na watu wazima wanaowawinda mtandaoni hushughulikiwa pia na kitengo cha kulinda watoto cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai.

*Siri.* Inatoka mikononi mwa kijana. Polisi watataka mzazi au mlezi, na shule itataka majina. Mweleze kijana nani atajua nini kabla ya hatua, si baada yake.

Shule za mabweni zina mtego wake. Simu zimepigwa marufuku, kwa hiyo msichana anayeeleza kwamba alitukanwa usiku kwenye grupu anakiri pia kwamba alikuwa na simu bwenini. Anaweza kuadhibiwa kabla ya mwonevu kuitwa. Katika hali hiyo zungumza kwanza na mwalimu wa ushauri nasaha, ukieleza madhara aliyoyapata, kisha ndipo suala la simu lijadiliwe.

Mzazi naye hofu yake ya kwanza ni simu: "Lete hiyo kitu hapa!" Kunyang'anywa simu ndiko vijana wengi wanakokuogopa kuliko matusi yenyewe, na ndiko huwafanya wanyamaze. Mkutubi akipewa ruhusa ya kuongea na mzazi, aanze na ombi moja: simu isichukuliwe wala kufutwa chochote wiki hii, kwa kuwa ndiyo ushahidi.

*Mahitaji.* Ushahidi uliopangwa kwa tarehe kwenye karatasi, ukurasa mmoja wa maelezo mafupi, na kifaa chenyewe. Mahakamani, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi hudai cheti kinachoeleza kumbukumbu ya kielektroniki ilitolewaje na kwa kifaa gani. Kwa hiyo anayeprinti aandike tarehe, kompyuta na printa aliyotumia, na jina lake, kwani anaweza kuombwa cheti hicho baadaye.

*Inapokwama.* Watu hulitaja neno "polisi" mapema mno. Kifungu cha 27 cha sheria ile ya kompyuta ya 2018, kinachohusu unyanyasaji wa mtandaoni, kinataja faini isiyozidi shilingi milioni 20 au kifungo kisichozidi miaka 10, na Sheria ya Watoto ya 2022 inataja unyanyasaji wa mtoto kupitia mitandao ya kijamii na michezo ya mtandaoni kuwa kosa. Ni sheria nzito. Lakini mwonevu mara nyingi ni mwanafunzi mwenzake. Aliye chini ya miaka 12 hawezi kuwajibishwa kwa jinai, na kwa walio juu ya hapo sheria hiyo ya watoto inatoa nafasi ya kuwaelekeza kwenye marekebisho nje ya mahakama. Kijana akisikia "miaka 10" huingiwa na hatia juu ya mtu anayekaa naye dawati moja, akafuta kila kitu usiku huo.

*Inamfaa nani.* Yeyote aliyejibu "ndiyo" kwa moja ya yale maswali matatu. Kwake hii si chaguo mojawapo, ni ya lazima, na nyingine huja pembeni.

Njia ya nne: msaada wa kimya

*Muda.* Nusu siku kuandaa, na dakika tano kila wiki kujaza kadi.

*Siri.* Kamili. Hakuna anayejua nani alichukua nini.

*Mahitaji.* Kadi ndogo zinazoingia nyuma ya kasha la simu, zenye 116 na hatua nne: hifadhi, ripoti, zuia, mwambie mtu. Ziwekwe ndani ya milango ya vyoo, mahali pekee ambapo kijana husoma bila kutazamwa. Vitabu kuhusu urafiki, aibu, hasira na usalama wa mtandaoni vikae kwenye rafu isiyotazamana na meza ya huduma, bila kibandiko cha "waathiriwa". Msimbo wa kuskani pekee hautoshi, maana wengi wanakuja bila bando.

*Inapokwama.* Msaada huu hauna macho. Hauwezi kuona kwamba aliyechukua kadi ana alama mkononi. Pia kadi zikiisha na zisijazwe, ni sawa na mlango uliofungwa.

*Inamfaa nani.* Ambaye hayuko tayari kusema, na mvulana ambaye kwake kusema "wananionea" ni kama kushindwa mara ya pili.

Kwa hali yako

Ikiwa mkutubi ni mmoja na foleni ni ndefu, njia ya nne ianze leo, na kikao cha faragha kiwe na saa maalumu mbili kwa wiki zinazojulikana. Nje ya saa hizo, chukua dakika tatu tu kuuliza maswali yale matatu, kisha mpe miadi yenye saa.

Ikiwa kisa kinahusu grupu la darasa na kila mtu anakijua, anza na kikao cha faragha kwa anayeonewa. Kikao cha kikundi kije wiki kadhaa baadaye, kikilenga mashahidi, na kwa idhini yake. Akikataa, kisubiri muhula ujao.

Ikiwa kuna picha ya utupu, fuata njia ya tatu siku hiyo hiyo, huku kijana akiisajili picha kwenye huduma ya kuizuia kwa simu yake. Ikiwa kuna anayedai pesa, asilipe hata shilingi mia, asimzuie kabla ya kuhifadhi namba na ujumbe wa malipo, na 116 ipigwe kabla hajatoka.

Ikiwa anazungumzia kufa au kujiumiza, asiachwe peke yake hata kwenda chooni. Piga 116, na penye hatari ya papo hapo 999 au 112, kisha mzazi au mtu mzima ambaye kijana mwenyewe amemchagua. Skrinshoti zitasubiri.

Ikiwa anakataa kila kitu, mpe kadi, mwonyeshe kona ile, na umtajie siku na saa utakayokuwa kazini. Siku hiyo ikifika, hakikisha upo.